Legezeni Kamba

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi jioni mbele ya wazazi, walezi na vijana wetu hapa Tanga. Walioshindwa kufika wameniomba niyaweke yote. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, pamoja na pale bati liliponinyang'anya sauti.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazazi, walezi, maskauta wenzangu, na nyinyi vijana mnaosukumana pale nyuma: itifaki imezingatiwa. Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, marahaba, pamoja na wale ambao hawajaniamkia.

Nimepewa dakika ishirini na mada iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri: Umuhimu wa Kambi kwa Vijana. Nimeisoma, nimeikunja, nimeitia mfukoni. Maana sote humu tunajua kilichotukusanya. Kuna barua. Barua ina saini kumi na moja za wazazi, na inasema kwa adabu kabisa kwamba kambi ya likizo ya Aprili ihamishiwe ukumbini, kwa kuwa Aprili ni masika na watoto wataumwa. Waje asubuhi, wafundishwe mafundo na huduma ya kwanza, jioni warudi kulala kwao.

Sikuja kuikejeli barua hiyo, na nitaijibu. Ila hii ya kuja asubuhi na kurudi jioni, jamani, hiyo si kambi. Hiyo ni waja leo waondoka leo.

Naomba mikono. Nani humu aliwahi kulala kambini akiwa kijana? Nyosheni bila haya. Ahsanteni. Sasa ubakize mkono juu kama una kisa cha kutusimulia kuhusu kambi ambayo haikunyesha hata tone. Mmoja. Wawili. Mzee wangu pale, unanyoosha au unajikuna?

Na nani ana kisa cha kambi ya mvua?

Mnaona wenyewe. Mikono imerudi yote, na mingine imeongezeka. Kambi za jua mimi nimekwenda nyingi sana. Ukiniuliza ilikuwaje, nitakwambia tulikula, tuliimba, tulirudi. Basi. Lakini niulize habari za mwaka 1984, uone kama dakika ishirini zitatosha.

Mwaka 1984 nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Wazee mnaijua miaka ile, sabuni ya foleni na ugali wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano. Tulipiga kambi njia ya Pangani, pembeni ya shamba la mkonge, vijana ishirini na wanne, mahema matatu ya turubai la pamba yaliyokuwa mazito kuliko sisi. Kiongozi wetu alikuwa mtu mzima aliyefanya kazi miaka mingi kwenye korona, ile mashine ya kuparua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Mikono yake ilikuwa kama gome la mwembe. Alikuwa hasemi sana. Jioni ile mawingu yalipojikusanya upande wa bahari, alipita hema kwa hema akasema neno moja tu: "Legezeni kamba."

Sasa niambieni, wewe kijana wa miaka kumi na mitatu, unaona mvua inakuja, upepo umeanza kupuliza, halafu mtu anakwambia ulegeze kamba za hema. Si amechanganyikiwa huyo? Sisi tukaitikia ndiyo mwalimu. Alipogeuka, tukazikaza. Tukazikaza mpaka zikawa zinalia kama zeze.

Vijana wa leo hamtalijua hili, kwa sababu kamba zenu ni za nailoni. Zetu zilikuwa za katani. Kamba ya katani ikilowa inavimba, na ikivimba inafupika. Inajikaza yenyewe, bila kuombwa na mtu. Kama umeiachia nafasi, inajikaza ikafika pale pale inapotakiwa. Kama hukuiachia nafasi, basi lazima kitu kimoja kitoke: ikatike kamba, ipasuke turubai, au king'oke kigingi.

Vilitoka vigingi. Saa saba za usiku, mvua inamwagika, nikasikia pu. Halafu pu. Halafu pu, kama mtu anayeng'oa mihogo gizani. Na hema zima likatukalia, vijana wanane chini ya turubai lililolowa, na mmoja wetu anapiga kelele kwamba jini amemkamata mguu. Aliyemkamata mguu ni mimi. Nilikuwa natafuta mlango.

Mahema mawili ya wenzetu waliomtii mzee yalisimama mpaka asubuhi. Ingawa hata huko ndani hakukuwa na amani. Turubai la pamba likiwa limelowa halivuji, alimradi usiliguse. Ukiligusa kwa ndani tu, maji yanafuata pale pale ulipogusa, tone baada ya tone. Kijana mmoja hakuliamini neno hili, akaandika jina lake kwa kidole juu ya kichwa chake. Lilikuwa jina refu, la herufi tisa. Likamnyeshea usiku kucha, herufi zote tisa.

Asubuhi mzee wa korona hakutugombeza. Alichemsha chai ya mchaichai, akatugawia, akakaa juu ya kigogo akatazama hema letu lililolala chini kama ng'ombe aliyechinjwa. Kisha akasema, "Kamba imewafundisha. Mimi nilikuwa nawakumbusha tu."

Na niongeze hapa kidogo, mnisamehe, mimi ni mtu wa Tanga na habari za mkonge hainiwii rahisi kuzipita. Huo mkonge wenyewe ulifika huku kwa safari ya taabu. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai mwaka 1893 ni miche 62 tu, ikapandwa Kikogwe, hapo Pangani. Miche 62! Kutoka hiyo ndiyo yakaja mashamba yote haya, na korona zote, na mzee wangu, na ile kamba iliyonikalisha kwenye maji saa saba za usiku. Haya, narudi.

Mwaka 1997. Sasa mimi ndiye kiongozi, kijana bado, nina filimbi na kiburi. Nani humu ameisahau El Niño ya 1997? Vuli ile iligoma kwisha. Sisi tukapanga kambi Desemba, na tukapanga wapi? Amani. Msitu unaopata mvua hata mwaka ambao kwingine kote pamekauka. Ndiyo kwanza mwaka huo huo msitu ulikuwa umetangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, na mimi nikaona watoto wa mjini lazima wakauone.

Basi letu lilitoka Muheza vizuri. Kabla hatujafika Sigi, pale barabara inapoanza kujikunja kupanda mlima, likazama. Gurudumu la nyuma lilizama mpaka kwenye ekseli. Dereva akashuka, akalitazama, akawasha sigara. Nikajua hapo tumefika.

Tukabeba mizigo kichwani. Mvua haikuwa ya kukimbilia mahali, kwa sababu mahali penyewe hapakuwepo. Ilikuwa imetulia, inanyesha kama mtu aliyeajiriwa. Na baridi! Nyinyi watu wa pwani mnaijua baridi gani? Mtoto wa Ngamiani akipanda mita mia tisa juu ya bahari, amelowa, jua limezama, anatetemeka kama ana homa. Nilikuwa na watoto thelathini wanaotetemeka, kuni zimelowa, na kiberiti changu mfukoni kimegeuka uji.

Sasa kulikuwa na kijana mmoja, mtoto wa mama muuza mihogo, ambaye kwa siku mbili za maandalizi sikumsikia akisema maneno kumi. Alikuja na gunia la vifuu na makumbi ya nazi. Wenzake walimcheka njia nzima. Unapeleka nazi Amani? Mlimani watu wanashusha chungwa wewe unapandisha kifuu? Hakuwajibu.

Usiku ule alikuja akasimama mbele yangu, akavua kofia. Ndani ya kofia kulikuwa na mfuko wa rambo, ndani ya mfuko kiberiti, kikavu kabisa. Akaomba panga. Akachukua gogo lililolowa, akalipasua katikati, akachonga vijiti kutoka kwenye moyo wake. Gogo hata likinyeshewa wiki nzima, moyo wake hubaki mkavu, ilimradi si bovu. Akatandika makumbi chini, vijiti juu, vifuu pembeni. Njiti ya kwanza ikazimika. Ya pili ikazimika. Ya tatu ikashika.

Mnajua moto wa kifuu unavyowaka? Unawaka kwa hasira. Watoto thelathini wakausogelea ule moto kama vifaranga. Na bibi mmoja wa pale kijijini, aliyetuona kwa mwanga wa moto ule, akaja na mwavuli wa jani la mgomba, akatukuta, akasema: "Nyinyi ni watoto wa nani mnaolala nje kama mbuzi?" Tulilala jikoni kwake na kwenye baraza yake, thelathini na mmoja, tukilaliana. Asubuhi alitupa chai na magimbi, na alikataa hela. Alikubali tu vifuu vilivyobaki.

Yule kijana asiyesema... Subirini. Mnasikia? Hilo bati sasa linataka kuchangia mada. Wa nyuma mnanisikia? Hamnisikii. Basi sogeeni mbele, viti viko. Vijana, beba viti vya wazee. Haya, haya, msikimbie, haivuji humu. Inavuja kidogo pale.

Nilikuwa nasema, yule kijana asiyesema, tangu usiku ule hapana mtu aliyemcheka tena. Mimi nilikuwa na beji nne begani, lakini nani angeniuliza habari za beji usiku ule?

Na msidhani mambo haya ni ya kwetu tu. Mwaka 1929 skauti wa dunia walikutana Arrowe Park, Uingereza, kutimiza miaka 21 ya harakati hii. Baden-Powell mwenyewe, mwanzilishi wa skauti, alikuwepo. Mvua ikaugeuza uwanja ule wote kuwa matope. Leo ukimsoma mtu yeyote anayeielezea jambori ile, anaanza na matope.

Sasa naja kwenye lililo zito. Na hapa naomba vijana mnyamaze kweli.

Mwaka 2006 nilipiga kambi kando ya mto Sigi. Si juu mlimani, huku chini, unakokaribia kuja Amboni na baharini. Tulifika mchana, jua kali, tukakuta mchanga mweupe, umesawazika, safi, mto uko pembeni unatiririka kwa upole, maji ya magotini. Nikasema hapa hapa. Nani asingependa? Watoto wakasimamisha mahema juu ya mchanga.

Jioni akapita mzee mmoja anarudisha mbuzi. Akasimama. Akatutazama. Akasema: "Mwalimu, hicho mlicholalia ni kitanda cha mtu. Na mwenyewe atarudi."

Mimi nikacheka. Nikamwambia, mzee, mbingu nyeupe, hakuna wingu. Akasema haya, akaswaga mbuzi zake, akaenda zake.

Wazazi wangu, Sigi hauanzii Amboni. Sigi unaanzia Amani, kwenye msitu ule ule nilikolowa mwaka 1997. Mimi niliyepanda huko kwa miguu, niliyeiona mvua ya huko kwa macho yangu, nilisimama kwenye mchanga nikatazama mbingu ya juu ya kichwa changu, nikasema hakuna mvua. Mvua ilikuwepo. Ilikuwa mlimani.

Saa mbili usiku binti mmoja aliyekuwa na zamu ya ulinzi alichukua kijiti akakichomeka pale maji yanapoishia. Hakuna aliyemwagiza. Sikuwa nimewafundisha hilo. Alikuwa na miaka kumi na minne. Saa nne alikwenda kukitazama, kiko pale pale. Saa sita alikwenda akakuta kijiti kimesimama ndani ya maji, na ukingo umesogea hatua tatu huku kwetu. Nyota zimejaa juu. Hakusubiri kuniuliza. Alipiga filimbi.

Nilitoka nje kwa hasira, nataka kujua nani anachezea filimbi. Nikakanyaga maji.

Tulipanda ukingo na watoto wote, tukahesabu, tukahesabu tena, tukahesabu mara ya tatu. Wote. Nyuma yetu mto ulichukua mahema mawili, sufuria kubwa, sanduku la unga na viatu nisivyojua idadi yake. Ulikuwa haupigi kelele ya maana. Hilo ndilo linalonirudia mpaka leo: haukuja na kishindo. Ulikuwa unajaa tu, kama mtu anayevuta shuka taratibu.

Yule mzee wa mbuzi asubuhi alitukuta juu tumekaa. Hakusema nilikwambia. Aliuliza tu kama watoto wametimia.

Wazazi wa vijana wale, baadhi yenu mmo humu ndani. Mlituuliza mahema yamekwenda wapi, tukasema yameharibika. Sikuwaambia ukweli. Vijana nao waliniangalia usoni wakanisitiri, na mimi niliwaacha wanisitiri. Leo nawaambia. Niliwalaza watoto wenu kwenye njia ya maji kwa sababu mzee mmoja wa mbuzi hakuwa na beji. Nawaomba radhi. Nimechelewa miaka mingi, lakini nawaomba radhi.

Ahsante, mama. Hapana, niko sawa. Naendelea.

Ndiyo maana nasema barua yenu sikuja kuikejeli. Kuna mvua ya kulowesha na kuna mvua ya kuua, na mtu anayepeleka watoto porini bila kuzitofautisha hizo mbili ni bora hata hiyo kambi ya ukumbini. Hii ya kulowesha, sioni sababu ya kuikimbia. Mmeandika wataumwa. Malaria haitoki kwenye mvua, inatoka kwa mbu, na mbu wako mjini pia; tutafunga vyandarua ndani ya mahema. Tumbo linatoka kwenye maji, na maji tutachemsha. Baridi ni sweta moja kavu kwenye mfuko uliofungwa vizuri. Hayo yana dawa.

Hii nyingine haina dawa, ina kuhama tu. Mchanga wa mtoni hatulali. Chini ya mnazi hatulali. Radi ikianza, hatujikingi chini ya mwembe uliosimama peke yake uwanjani, hata kama kivuli chake ulikipenda mchana. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, kambi inavunjwa, hakuna mjadala. Mei 2024, kilipokuja kile kimbunga Hidaya kilichokwenda kupiga Mafia, nilikuwa na kambi mwishoni mwa wiki ile ile. Niliivunja. Vijana walinuna mwezi mzima, wengine wako humu na bado wamenuna. Ningeivunja tena. Na Agosti 2023 huko Korea Kusini, jambori ya dunia, makumi ya maelfu ya vijana kutoka kila pembe, waliondolewa uwanjani wote kabla kimbunga hakijafika. Wakubwa wa dunia wamekunja mahema, sembuse sisi wa Tanga?

Sasa nimalizie jambo la barua, maana naona mwenyekiti anatazama saa, na mvua nayo imezidi, hata tukitoka hatuendi mahali.

Nilipoletewa barua nilisoma saini moja moja. Ya nne nilisimama. Nilivaa miwani, nikavua, nikavaa tena. Saini ya nne ni ya yule binti wa kijiti. Sasa ni mama wa watoto wawili, na mkubwa wake yuko kwenye orodha yangu ya Aprili. Amekaa pale, safu ya tatu, na namwona anataka kujificha nyuma ya mtandio.

Binti yangu, sikukuita jina na sitakuita. Ulisaini kwa haki. Katika wazazi wote humu, wewe ndiye unayejua maji yanavyopanda usiku. Wenzako wanaogopa mafua. Wewe unaogopa kitu ulichokiona.

Kwa hiyo nina ombi, na nalisema mbele ya watu ili nisiweze kulirudisha. Kambi ya Aprili iwe nje, siku tano. Mahali tutakapolala, twende kwanza mimi na wewe, na tumtafute mwenye mbuzi wa sehemu hiyo tumuulize. Ukisema hapana, tunahama. Na usiku, wa kuamua kwamba kambi inahama si mimi. Nina miaka zaidi ya hamsini, nalala fofofo. Ni wewe.

Filimbi ile ninayo. Ni hii hapa shingoni, kamba yake ni ya katani, imeoza kidogo, uibadilishe. Njoo uichukue.

Njoo, mama. Vijana, mpisheni apite.